Orodha nyeusi ya Hollywood ilikuwa ni nini hasa?

Machi 1957, usiku wa tuzo za Oscar, likaitwa jina la Robert Rich, mshindi wa hadithi bora, ile filamu ya The Brave One, ya mtoto wa Mexico na ng'ombe dume wake. Hakusimama mtu. Akapanda jamaa wa chama cha waandishi akapokea kwa niaba, akasema mwenzetu yuko hospitali mkewe anajifungua. Baadaye waandishi wa habari wakamtafuta huyo Rich, wapi! Jina lilikuwa la mpwa wa maprodyuza, na aliyekaa chini akaandika hiyo hadithi ni Dalton Trumbo, mwandishi ambaye kwa miaka kumi hakuna studio kubwa iliyothubutu kuweka jina lake kwenye filamu, kisa alihesabiwa mkomunisti. Hiyo ndiyo orodha nyeusi.

Sasa ukisikia orodha nyeusi unaweza kudhani ni karatasi, kwamba kuna ofisi ya serikali Washington ina majina yamepigwa mhuri. Hapana. Hakukuwa na sheria inayomkataza mkomunisti kuandika filamu, na hata chama chenyewe cha kikomunisti kilikuwa halali kipindi hicho chote cha mwanzo, watu wengi waliingia miaka ya 1930 wakati uchumi umeanguka na wengine wakatoka zamani tu. Waliokunyima kazi ni mabosi wako wenyewe. Unapiga simu studio unaambiwa kwa sasa hatuna nafasi, unapiga nyingine jibu lile lile, na hakuna atakayekwambia kwa nini, na ukiuliza kama upo kwenye orodha utaambiwa orodha gani tena? Ukali wake ulikuwa hapo, utakata rufaa wapi kwa kitu ambacho kila mtu anasema hakipo.

Ilianzaje. Oktoba 1947 kamati ya Baraza la Wawakilishi ya kuchunguza mambo yanayoitwa "yasiyo ya Kimarekani" iliwaita watu wa Hollywood ikawaweka kitimoto, swali kubwa ni moja, je wewe ni mwanachama au uliwahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti? Kumi, Trumbo akiwemo, wakagoma kujibu, wakasema katiba inawalinda, nachoamini ni kazi yangu haikuhusu. Bunge likawashtaki kwa kulidharau. Novemba mwaka huo huo mabosi wa studio wakakutana kwenye hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, wakatoka na tamko kwamba wale kumi hawana kazi na hawatamwajiri mkomunisti akijulikana. Yaani serikali haikuwalazimisha, waliogopa wenyewe, waliogopa benki zinazowakopesha, waliogopa vyama vya wanajeshi wastaafu kuja kugomea sinema zao, na isitoshe biashara ilikuwa inaanza kuyumba.

Wale kumi walienda jela mwaka 1950, wengi kwa kifungo cha mwaka mmoja. Kuna kisa hapa nakipenda mno: Ring Lardner Jr., mmoja wao, alipelekwa jela ya Danbury, akamkuta nani kule? J. Parnell Thomas, yule yule mwenyekiti wa kamati aliyekuwa anamfokea kwenye kikao, amefungwa kwa kulipisha serikali mishahara ya wafanyakazi hewa na kuila, yuko bandani anatunza kuku. Wafanyakazi hewa jamani, hata sisi tunawajua.

Hapa watu huwa wanachanganya. Seneta Joseph McCarthy, ambaye kipindi chote kimebeba jina lake, hakuwa kwenye kamati hiyo, yeye alikuwa Seneti na umaarufu wake ulianza Februari 1950 aliposimama mji wa Wheeling, West Virginia, akadai ana majina ya wakomunisti 205 walioko wizara ya mambo ya nje. Hollywood ilikuwa inafukuza watu tayari zaidi ya miaka miwili. Wenzake walimkemea rasmi Desemba 1954 kwa kura 67 kwa 22 na akafa 1957, ila orodha iliendelea bila yeye, kwa hiyo ukimtupia McCarthy kila kitu unawaachia mabosi wa studio waondoke mikono misafi.

Kwenye televisheni na redio mambo yalikuwa mabaya vile vile. Juni 1950 kilitoka kijitabu kinaitwa Red Channels, majina 151 ya waigizaji, wanamuziki, waandishi na watangazaji, kila mmoja na "dhambi" zake chini, alisaini barua fulani, alihudhuria mkutano fulani. Kilitolewa na kampuni binafsi. Na kulikuwa na mfanyabiashara mmoja Syracuse mwenye supamaketi, Laurence Johnson, kazi yake ni kuzisumbua kampuni zinazodhamini vipindi, ukimwacha msanii fulani kwenye kipindi chako nitaweka kibao rafuni pembeni ya bidhaa yako wateja wajue unalipa wakomunisti. Mwuza duka anaamua nani aigize!

Njia ya kujisafisha ilikuwepo, ilikuwa ni kuwataja wenzako. Edward Dmytryk, mmoja wa wale kumi, alitoka jela akarudi kwenye kamati mwaka 1951 akataja majina, akapata kazi tena. Majina yenyewe kamati ilikuwa inayajua tayari mengi yake, kwa hiyo hawakuhitaji habari, walitaka wakuone unavyomchoma mwenzio hadharani. Waliokataa ndio wakawa wanaandika gizani kwa majina ya kuazima, kwa malipo ya kubangaiza. Mwanamuziki hana njia hiyo maana sauti haiazimiki. Paul Robeson, mwimbaji Mmarekani mweusi (ambaye miaka ya 1930 alisoma hadi Kiswahili pale London), alinyang'anywa pasipoti mwaka 1950 akarudishiwa 1958, na kumbi za ndani ya Marekani zikamfungia milango, basi Mei 1952 akasimama juu ya lori mpakani na Kanada akawaimbia waliokuja kutoka upande wa pili.

Orodha ilikufa vipande vipande. Mwaka 1960 jina la Trumbo likaonekana waziwazi kwenye filamu ya Spartacus, na Rais Kennedy alipokwenda kuiangalia alipita katikati ya watu waliosimama nje kuipinga. 1962 mtangazaji John Henry Faulk akashinda kesi dhidi ya waliomchafua, baraza la wazee wa mahakama likampa dola milioni 3.5, ingawa baadaye zilipunguzwa sana. Trumbo alikabidhiwa sanamu ya "Robert Rich" mwaka 1975, akafa mwaka uliofuata.

Kinyongo lakini hakikuisha. Elia Kazan, dairekta mkubwa, alitaja wenzake mwaka 1952, na 1999 Hollywood ikampa Oscar ya heshima akiwa mzee wa miaka 89. Baadhi ya waliokuwa ukumbini wakasimama kupiga makofi, wengine wakabaki kwenye viti wamekunja mikono wanamwangalia tu.