Bomba la maji ndilo adui katika Pale Rider

Kila ninapoitazama upya Pale Rider, filamu ambayo Clint Eastwood aliiongoza na kuigiza mwaka 1985, macho yangu, kwa kuwa ni mhandisi wa migodi, huiacha bastola na kulifuata bomba la maji. Watazamaji wengi humkumbuka mgeni asiyetajwa jina, mwenye ukosi mweupe wa kichungaji, anayeitwa Mhubiri tu, ambaye anawatetea wachimbaji wadogo wa California wasifukuzwe vitaluni mwao na tajiri Coy LaHood. Nami nampenda sana mgeni huyo. Hata hivyo, naamini ujio wake hauwezi kueleweka vizuri mpaka uelewe kwanza mtambo anaokuja kupambana nao.

Hull Barret, mmoja wa wachimbaji wadogo, na wenzake wanachimba kwa sururu na koleo, kisha wanaosha changarawe kijitoni. LaHood anauyeyusha mlima. Katika uchimbaji wa aina yake, maji hukingwa juu milimani na kushushwa kwa mabomba yanayozidi kuwa membamba, hata yanapofika mdomo wa mwisho, ulioundwa mfano wa mzinga, huruka kwa kishindo cha kung'oa miti na mawe. Tope lote hupitishwa kwenye mifereji ya mbao yenye vizuizi, ambamo dhahabu hutuama kwa uzito wake, na katika migodi halisi ya California zebaki iliwekwa humo ili kuinasa. Filamu inatuonyesha haya kwa karibu pale Josh, mwana wa LaHood, anapomtembeza Megan, binti wa kambi ya wachimbaji wadogo, mgodini na kumweleza kwa fahari jinsi maji yanavyofanya kazi, huku nyuma yao kingo za mlima zikiporomoka. Muda mfupi baadaye anamshika binti huyo kwa nguvu. Naona mwongozaji ameyaweka matendo hayo mawili pamoja kwa makusudi: ardhi na mtoto wa watu vinatazamwa kwa jicho lile lile.

Mbinu hii ilianza California mwaka 1853, na kwa miaka mingi kifusi chake kiliinua sakafu za mito kama Yuba, hata mafuriko yakawaangamizia wakulima wa bondeni mashamba yao na kuuvamia mji wa Marysville. Januari 1884 Jaji Lorenzo Sawyer aliipiga marufuku kampuni ya North Bloomfield kumwaga kifusi chake mitoni. Hakuuharamisha uchimbaji wenyewe, lakini bila mahali pa kumwaga tope, migodi mingi ya namna hiyo haikuwa na njia ya kuendelea.

Hofu ya marufuku kama hiyo ndiyo inayomsukuma LaHood. Anarudi kutoka Sacramento, makao makuu ya California, akijua kuwa wanasiasa wanataka kuukomesha uchimbaji wa kutumia maji, kwa hiyo anahitaji bonde la wachimbaji kabla sheria haijamfikia. Ndiyo sababu anakubali kulipa dola 1,000 kwa kila kitalu, na wanapokataa anamwita Stockburn, askari wa kukodiwa anayeua kwa malipo, na wasaidizi wake sita. Kwanza, lakini, anayazuia maji ya kijito. Nalipenda sana tukio hili, kwa sababu kijito kinapokauka ndipo mzee Spider Conway anapookota bonge la dhahabu lililofichwa na maji siku zote, na furaha yake inampeleka mjini kumtukana LaHood hadharani, mahali anapouawa.

Megan alikuwa amemwomba Mungu muujiza alipomzika mbwa wake, na Mhubiri aliwasili binti huyo akisoma Ufunuo, aya ya farasi wa rangi ya kijivujivu ambaye mpanda wake anaitwa Mauti. Wengi husema kwa hiyo kwamba huyu ni Mauti mwenyewe, na makovu sita ya risasi mgongoni mwake yanawapa haki ya kusema hivyo. Lakini tazama anaanzia wapi siku ya pambano la mwisho. Haendi moja kwa moja kwa Stockburn. Yeye na Hull wanapanda hadi mgodini na kuilipua kwa baruti mitambo ya LaHood. Mabomba yakiisha kuteketea, anamfukuza farasi wa Hull ili rafiki yake asimfuate, kisha anashuka mjini peke yake.