Kabla hujasema "Wakarlisti", taja ni wa nani

Nafundisha historia ya Ulaya, na kila msimu wa kusahihisha mitihani nakutana na sentensi ile ile: "Wakarlisti walikuwa watetezi wa ufalme waliomfuata Franco." Wakarlisti ni Wahispania ambao tangu 1833 walishikilia kwamba kiti cha ufalme ni haki ya Don Carlos na ukoo wake; Franco ni jenerali aliyekuja kuitawala Uhispania. Sentensi hiyo nimeizungushia wino mwekundu miaka mingi. Safari hii nimeona niandike kwa kirefu, maana anayeamini hivyo hawezi kuelewa lolote lililotokea ndani ya harakati hiyo baada ya 1936.

Nianze na kilicho kweli ndani yake. Julai 1936 majeshi ya Wakarlisti, yaani requeté wenye bereti nyekundu, yaliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania upande wa majenerali walioiasi Jamhuri. Walikuwa makumi ya maelfu, hasa kutoka Navarra, jimbo la kaskazini, na walipigana mpaka mwisho. Hilo halifutiki, na asiwepo mtu wa kuwasafisha. Kosa liko kwenye neno "waliomfuata", kana kwamba wote walikuwa na kiongozi mmoja aliyetoa amri moja.

Hata kabla risasi ya kwanza haijalia, harakati ilikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Manuel Fal Conde, wakili wa Sevilla, ambaye mzee Don Alfonso Carlos, aliyekuwa mdai wao wa kiti cha ufalme, alikuwa amemkabidhi uongozi wa kisiasa. Ya pili ilikuwa ya viongozi wa Navarra, na kati yao Tomás Domínguez Arévalo, mwinyi wa Rodezno. Jenerali Mola, aliyekuwa akipanga uasi kutoka Pamplona, alihitaji vijana wa Navarra. Fal Conde akataka kwanza ahadi kuhusu bendera na aina ya serikali itakayofuata. Watu wa Navarra wakawa tayari kuingia kwa masharti mepesi zaidi. Mola aliona ufa huo akautumia. Mwanafunzi asiyejua mvutano huu hawezi kunieleza kwa nini miezi tisa baadaye Franco aliwameza kirahisi namna ile.

Sasa tazama tarehe. Don Alfonso Carlos aligongwa na gari mjini Vienna akafariki tarehe 29 Septemba 1936. Alikuwa na miaka 87, na hakuacha mtoto. Tarehe 1 Oktoba Franco akatawazwa mkuu wa nchi mjini Burgos. Ndani ya siku mbili harakati ilimpoteza mfalme wake wa mwisho asiyepingwa, na upande wake wa vita ukapata bwana mpya. Aliyebaki ni Don Javier wa Borbón-Parma, ambaye mzee alikuwa amemteua kaimu mfalme tangu Januari mwaka huo, si mfalme kamili.

Desemba 1936 Fal Conde alijaribu kuanzisha chuo cha kijeshi cha kuwafunza maofisa wa requeté. Franco aliona ni jaribio la kuunda jeshi ndani ya jeshi. Fal Conde akapewa machaguo mawili, mahakama ya kijeshi au kuondoka nchini, akaenda Ureno. Kiongozi wa watu waliokuwa wakifa mstari wa mbele kwa ajili ya Franco alifukuzwa na Franco huyo huyo, vita haijatimiza hata miezi sita.

Tarehe 19 Aprili 1937 ikatoka amri ya kuunganisha Wakarlisti na Falange, chama cha kifashisti cha Uhispania, kuwa chama kimoja chini ya Franco. Tafuta picha yoyote ya sare ya chama hicho: kichwani bereti nyekundu ya Mkarlisti, mwilini shati la bluu la Falange. Wengi wa pande zote mbili waliichukia sare hiyo. Rodezno akakubali, na Januari 1938 akawa waziri wa sheria. Fal Conde akapewa kiti katika Baraza la Taifa, akakataa. Hao ni Wakarlisti wawili katika vita ile ile, mmoja yuko serikalini na mwingine amekataa kiti. Wewe unawatia kapu moja?

Waliokataa hawakuishia kununa. Agosti 1942, mbele ya basilika ya Begoña huko Bilbao, Wakarlisti walikuwa wakitoka kwenye misa ya kuwaombea wenzao waliokufa vitani. Wafuasi wa Falange wakawarushia mabomu ya mkono. Mmoja wa waliohusika alipigwa risasi kwa hukumu ya mahakama, na mtikisiko huo ukamng'oa hata Serrano Suñer, shemeji yake Franco, kwenye wizara ya mambo ya nje. Don Javier naye, aliyekuwa akiishi Ufaransa, alikamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, mwaka 1944 kwa kusaidia wapinzani wa Wajerumani, akafungwa katika kambi ya mateso ya Dachau.

Ndiyo maana nawasisitizia wanafunzi wangu jambo moja: usiandike "Wakarlisti walifanya" mpaka pembeni umeandika jina la kiongozi na mwaka. Sekunde tano tu, na nusu ya makosa yanaondoka.

Mengine nitayapitia haraka.

"Ulikuwa ugomvi wa familia tu." Ulianza hivyo. Mfalme Fernando VII alipofariki mwaka 1833, mdogo wake wa kiume na binti mchanga wa marehemu wakapiganiwa na pande mbili: Don Carlos kwa sheria iliyowatanguliza wanaume, Isabel kwa amri ya baba yake. Lakini mkulima wa Navarra hakuacha shamba lake kwa sababu ya nasaba peke yake. Alipigania Kanisa na fueros, sheria na haki za kale za majimbo. Wakarlisti wenyewe walisema mfalme anahitaji uhalali wa aina mbili, wa damu na wa kutawala inavyostahili. Ndiyo maana mwaka 1936, ingawa kwa hesabu ya ukoo wa kiume aliyefuata alikuwa Alfonso XIII, mfalme aliyeondoka Jamhuri ilipotangazwa, wengi walimkataa. Kwao alikuwa mwana wa ukoo wa kiliberali.

"Carlos V wa Wakarlisti ni yule mtawala wa Dola Takatifu ya Kirumi." Hapana. Yule, kwa hesabu ya Uhispania, ni Carlos I. Don Carlos wa 1833 alikuwa mwana wa Carlos IV, kwa hiyo wafuasi wake wakamwita wa tano. Soma tarehe kabla ya jina.

"Walikuwa kitu kimoja mpaka Franco alipowagawa." Ramón Nocedal alijitenga na watu wake mwaka 1888 kwa kuona Carlos VII, mdai wa wakati huo, hajasimama imara upande wa dini. Vázquez de Mella, msemaji mahiri kuliko wote, aliachana na Don Jaime, mdai aliyefuata, mwaka 1919. Chini ya Franco likazuka kundi la Carlos VIII, aliyekuwa mjukuu wa Carlos VII kwa binti. Harakati iliyozaliwa kwa kukataa urithi wa mwanamke ikapata mdai aliyeupata urithi kupitia kwa mama yake.

"Siku zote walikuwa mrengo wa kulia." Hili nalijibu kwa Montejurra, mlima ulio karibu na Estella, ambako Wakarlisti hupanda kila Mei wakisali Njia ya Msalaba kuwakumbuka wafu wao. Carlos Hugo, mwana mkubwa wa Don Javier, alifukuzwa Uhispania Desemba 1968. Chama chake kikageukia ujamaa, si ule wa Azimio la Arusha, bali wa wafanyakazi kuendesha viwanda wenyewe. Mdogo wake, Sixto Enrique, akabaki na wale walioona huo ni usaliti. Tarehe 9 Mei 1976 pande zote mbili zilifika mlimani siku moja. Watu wenye silaha waliokuwa upande wa Sixto wakafyatua risasi, na wafuasi wawili wa Carlos Hugo wakauawa. Franco alikuwa amekufa tangu Novemba iliyotangulia.