Pikapu haiwaki? Pima athi (waya wa negativu unaofungwa kwenye chesisi) kabla hujanunua pampu

Jamani, si kila gari ikikataa kuwaka basi pampu ya mafuta imekufa. Nimelisema hili mpaka nimechoka, na wiki hii tena kaja mtu hapa Malindi na pikapu ya petroli imevutwa kutoka Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, mkononi ana pampu mpya aliyoagizia Mombasa, ananiambia fundi we toa ile ya zamani utie hii basi. Hajapima kitu. Na aliyemwambia pampu imekufa hajapima kitu vilevile, alifungua swichi, akatega sikio kwenye tangi, asiposikia mlio akahukumu.

Sasa huo mlio. Gari nyingi za injeksheni ukifungua swichi pampu inalia kama sekunde 2 halafu inanyamaza, kwa sababu kompyuta haijaona injini ikizunguka. Kunyamaza si kufa! Na Toyota nyingi za zamani hata hizo sekunde 2 hazipo, pampu haianzi mpaka upige stata. (Wenye dizeli hapa siongei na nyinyi, anzeni na filta na hewa kwenye laini.)

Lakini kinachoniudhi kabisa ni watu na mita zao. Mtu anachomoa plagi ya pampu, anagusa waya, anasoma volti 12, anasema moto (umeme) unafika kwa hivyo pampu ndio mbovu. Hapana. Waya ulioliwa na kutu ukabaki uzi mmoja utakuonyesha 12 hizo hizo maadamu haufanyi kazi yoyote, sawa na paipu iliyoziba, mfereji ukifungwa presha iko kamili, ukifungua yanatoka matone. Plagi iache mahali pake, ingiza sindano ya mita kwa nyuma yake, pampu iwe inazunguka, hapo ndio usome. Mimi natoa rilei, ile swichi ndogo ya umeme inayowasha pampu, naunganisha matundu mawili ya kitako chake, la moto wa betri na la kwenda pampu, kwa waya wenye fyuzi, pampu inaenda bila stata na betri haiyumbi. Betri ikiwa 12.4 na kwenye pampu nasoma 9, hizo volti 3 na kitu zimepotea njiani. Halafu sindano moja naiweka kwenye negativu ya pampu na nyingine kwenye negativu ya betri, inatakiwa isome karibu na sifuri, ikipita nusu volti athi ni mbovu na hakuna haja ya kubishana.

Na huku pwani ndio zaidi, upepo wenyewe una chumvi, pikapu zinabeba samaki na barafu, maji yale yanadondoka kwenye chesisi pale pale athi ilipofungwa. Hiyo ya Gongoni bolti ilikuwa imekaza vizuri na juu imepakwa rangi, nikaishika ile waya nikaivuta kidogo tu ikabaki mkononi, nyuzi za shaba zote zimekuwa unga wa kijani. Nikapiga msasa mpaka chuma king'ae, kichwa kipya cha waya, grisi, basi. Pampu ile ile ya zamani ikapandisha geji ya presha ya mafuta mpaka baa 3 na ikatulia hapo. Ungetia mpya juu ya athi ile ingezunguka kinyonge vilevile, halafu lawama ni kwa spea feki. Feki zipo, sikatai, ila zinasingiziwa mengi.

Kuna pampu moja inayonisumbua hata mimi, ile inayopima vizuri ikiwa baridi, gari ikishaenda mwendo mrefu inalegea na kuzima, ikipoa inawaka tena. Mita haikupi jibu la uhakika hapo, mara nyingine naibadilisha kwa kuamini tu. Ila ikiwa ukigonga tangi kwa nyundo ya raba inaamka, hiyo badilisha, mota imechakaa.

Kubadilisha kwenyewe si kazi ya kuogopwa. Toa rilei, acha injini inyonye mpaka izime ili presha ishuke, fungua negativu ya betri, tangi lisiwe limejaa. Kuinua bodi ya nyuma ni rahisi kuliko kushusha tangi kama bolti zitakubali, huku kwetu nyingi zinakatika. Puliza mchanga wote juu ya tangi kabla hujafungua, ringi inayoshika pampu kwenye tangi igonge kwa mti au shaba, chuma kinatoa cheche. Raba ya kuzibia weka mpya. Na kabla hujarudisha bodi, rudisha betri na rilei, washa gari, mulika kila kiungo uone kama kinavuja, halafu pima volti tena pampu ikiwa inazunguka, kwa sababu ukishafunga bolti zote ile plagi hutaifikia tena.