Alzheimer: usiulize tu uchafu ni mwingi kiasi gani, uliza umekaa wapi

Wiki iliyopita nilikuwa na binti mmoja na mama yake mwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, mama kamuuliza mara tatu kama mlango wa nyuma ameufunga, na mara zote binti akajibu taratibu "nimeufunga mama", halafu akanigeukia, daktari, huo uchafu kwenye ubongo umefika kiasi gani?

Karibu kila familia inauliza hivyo. Ila kiasi peke yake hakisemi mengi, kuna wazee skani zao zimejaa amiloidi, protini mojawapo ya huo uchafu, na bado wanapiga hesabu za duka bila shida.

Protini za huo uchafu ni mbili, amiloidi na tau, na daktari Alois Alzheimer aliziona zote kwa darubini kwenye ubongo wa mgonjwa wake Auguste Deter, aliyefariki 1906. Amiloidi inaganda nje ya seli za neva. Tau iko ndani, kazi yake ni kushikilia vijibomba vinavyosafirisha vitu kwenye seli, ikiharibika inajisokota kama uzi uliofumka na usafiri unakwama.

Sasa hapa ndo penyewe. Amiloidi hupenda kuanzia kwenye mtandao ule unaofanya kazi mtu akiwa ametulia anawaza mambo yake, hasa sehemu inaitwa prekuneasi, ambayo ni kama stendi kuu, njia nyingi zinapitia pale, na kwenye panya imeonekana neva zikifanya kazi sana ndo zinatoa amiloidi zaidi. Tau yenyewe inaanzia kwingine, ndani kabisa usawa wa sikio, kwenye gamba la entorino, kisha inasambaa kwa kufuata neva zilizounganishwa. Watafiti Heiko na Eva Braak walipanga hatua zake mwaka 1991 na mpaka leo tunazitumia. Dalili za mgonjwa zinaenda na tau kuliko amiloidi, ndo maana dawa kama lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani 2023, inaondoa amiloidi na kupunguza kasi ya ugonjwa lakini njia za neva zilizokwisha kukatika hairudishi.

Binti akaniuliza, mbona harusi yake anaisimulia mpaka rangi ya kanga? Nikamwonyesha kwenye picha, hapa entorino ndo mlango wa kuingilia hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu mpya, jambo jipya lazima lipite hapa ndo lihifadhiwe. Harusi ilishapita zamani, ikatawanyika kwenye gamba la ubongo. Jibu lako la mlango wa nyuma linaishia hapa hapa, halijawahi kuingia, kwa hiyo mama hajasahau ulichomwambia, kila akiuliza kwake ni mara ya kwanza.