Ukikosa Mtandaoni, Usiseme Hakipo

Wengi huamini kwamba maktaba ikishaweka hazina zake mtandaoni, kila neno limo humo; ukitafuta ukakosa, basi hakipo. Sivyo.

Chukua miswada ya Kiswahili iliyoko SOAS, chuo kikuu cha London, zikiwemo tungo za mshairi Muyaka wa Mombasa alizozikusanya mmisionari William Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Ukitafuta jina kwenye orodha ya miswada kama hiyo, kompyuta haisomi karatasi yenyewe. Inasoma maelezo mafupi aliyoyaandika mtu.

Na mtu huyo ana kazi nzito, tena isiyoshukuriwa vya kutosha. Miswada mingi ya kale ni ya herufi za Kiarabu, na mara nyingi herufi ba ilibeba b, p, hata mb. Neno lilelile laweza kusomeka bata, pata au mbata! Msomaji huamua kwa kufuata maana na mizani, na uamuzi wake ndio unaoingia kwenye orodha.

Kwa hiyo jaribu tahajia tatu nne, tafuta kwa mji au aina ya utungo, kisha mwandikie mkutubi ukitaja nambari ya mswada.