Gereza, Ngome, Makumbusho: Jinsi Thamani ya Urithi Inavyobadilika

Neno gereza, ambalo kwa msemaji wa leo ni mahali pa kufungia wahalifu, limetokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Kati ya maana hizo mbili ipo ya tatu: katika Kiswahili cha zamani gereza lilikuwa ngome pia, na ndiyo sababu ngome iliyo ufukweni mwa Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza hadi hii leo. Kanisa, boma na kifungo vimekaa ndani ya neno moja, na baadhi ya majengo yetu ya pwani yamepita njia isiyo mbali na hiyo.

Fort Jesus ya Mombasa ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, ili ilinde mlango wa bandari. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi walipoiteka Desemba 1698, na baadaye ikawa makao ya magavana wa ukoo wa Mazrui. Mwaka 1895 Waingereza waliigeuza jela, ikabaki hivyo hadi 1958. Miaka miwili baadaye ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta ni zile zile. Mwomani wa mwaka 1700 alizithamini kwa kuwa zilimzuia adui asiingie, ilhali askari jela wa miaka ya 1920 alizithamini kwa kuwa zilimzuia mfungwa asitoke. Mwanafunzi anayeletwa leo na mwalimu wake haogopi lolote humo, na kwake ngome ni mahali pa kuuliza maswali na, tukiri, pa kukimbizana juu ya mizinga.

Orodha ya UNESCO inaisifu ngome hiyo kwa mambo mawili makubwa: ustadi wa ujenzi wa kijeshi wa Wareno wa karne ya 16, na ushahidi wa kukutana kwa tamaduni za Afrika, Uarabuni na Ulaya. Sifa hizo ni za kweli, lakini hazimalizi habari. Miaka 63 ya jela ni mirefu, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu tunayoisimulia kwa uvivu zaidi: mgeni hutoka akijua mengi kuhusu manahodha na machache kuhusu wafungwa, ambao baadhi ya wajukuu wao huenda wanaishi mitaa michache tu kutoka langoni. Jambo hili halishangazi, kwani kila kizazi huhifadhi kile kinachokipa fahari na kuliacha lile linalokitia uchungu. Hati ya Nara ya mwaka 1994, tamko kuhusu uhalisia wa urithi lililotolewa mjini Nara, Japani, na linalofuatwa na wahifadhi wengi duniani, ilikubali kwamba uhalisia wa urithi hauwezi kupimwa kwa kipimo kimoja kwa watu wote, bali ndani ya utamaduni unaohusika.

Uamuzi kuhusu thamani haufanyiki vikaoni peke yake; mara nyingi hufanyika kwenye ncha ya mwiko wa fundi. Kuta za majengo haya ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma matumbawe kisha kuyarowesha. Ukuta wa namna hiyo hupumua: unyevu na chumvi ya bahari huingia na kutoka. Ukipigwa lipu ya saruji huonekana imara kwa muda, lakini unyevu hunaswa nyuma yake, chumvi huganda na kuvimba ndani ya jiwe, na siku fundi anapobandua kiraka hicho hukuta jiwe limekuwa unga unaomwagika kama sukari. Kwa hiyo saruji iliyokusudiwa kuokoa ukuta huumaliza.

Hata chokaa iliyo sahihi yataka uangalifu kabla ya kupakwa. Ukuta wa zamani ukikwaruzwa polepole kwa kisu huonyesha matabaka ya chokaa yaliyopakwa moja juu ya jingine, na katikati yake huweza kutokea mchoro wa mkaa au alama zilizokwaruzwa na mtu aliyekuwa akihesabu siku zake. Fundi mwenye haraka hufuta yote kwa asubuhi moja. Ndiyo maana tunawaomba mafundi na wenye nyumba za kale, kabla ya kukwangua, wapige picha, wachore na kupima kila tabaka, kisha wamwite mzee wa mtaa aseme chumba kile kilikuwa cha nani na kilitumika kwa kazi gani. Majibu yake yaandikwe pamoja na tarehe, hata yakipingana na yale ya jirani yake.