Bakapu kamili usiyoweza kuirudisha mwenyewe

"Kaka, usihofu, bakapu kamili ninayo." Ujumbe huo uliniingia usiku, nikapumua kwa dakika kumi hivi. Mteja wangu alikuwa ameachana na kampuni iliyokuwa ikihifadhi tovuti yake. Akaunti ya zamani ilishafungwa, lakini kabla ya kufungwa alipakua faili la gigabaiti 4, jina refu linaloanza na backup na kuishia na tar.gz, yaani mafaili mengi yaliyobanwa kuwa moja. Kampuni mpya nayo inatumia cPanel, paneli ya kusimamia tovuti kwenye seva. Akaingia sehemu ya bakapu, akatafuta kidirisha cha kulipakia faili lake, hakukiona. Akanipigia: "Hii naipakia wapi?"

Haipakiwi popote. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama, na si kosa lao, maana paneli yenyewe inaweka kitufe cha bakapu kamili juu kabisa, kana kwamba ndicho pekee unachohitaji.

cPanel inakupa bakapu za aina mbili. Ya kwanza ni hiyo kamili: mafaili yote ya akaunti, kanzidata zote (hifadhi za data za tovuti), barua pepe, rekodi za DNS (zinazoelekeza anwani ya tovuti kwenye seva), kazi za kron (zinazojiendesha kwa ratiba), vyote ndani ya faili moja. Wewe mtumiaji unaruhusiwa kuitengeneza na kuipakua, ila kuirudisha ni kazi ya mwenye seva kupitia WHM, paneli yake ya kusimamia akaunti zote. Sababu yake ina mantiki: kurudisha bakapu kamili ni sawa na kuiunda akaunti upya, kuanzia mtumiaji wa mfumo hadi DNS, na hayo yanahitaji mamlaka ya ruti, yaani msimamizi mkuu wa seva. Aina ya pili ni bakapu za vipande: folda yako kuu peke yake, kila kanzidata peke yake, maelekezo ya kupeleka barua pepe kwingine peke yake. Hizi zina kidirisha cha kurudishia pale pale pembeni, labda kampuni iwe imekizima. Kampuni nyingine zinaweka JetBackup, programu ya bakapu ambayo inakuruhusu kurudisha mwenyewe kwa kuchagua tarehe. Hiyo ni neema, lakini bakapu zake zinabaki mikononi mwa kampuni ile ile.

Kwa hiyo mimi huchukua zote mbili. Kamili ni ya siku ya kuhama. Vipande ni vya siku ya ajali, saa nane usiku, wakati dawati la huduma linakujibu kwa roboti.

Dawati la kampuni mpya lilitwambia kuirudisha bakapu kamili ni siku tatu. Mteja ana duka la mtandaoni, siku tatu hana. Tukalifungua faili wenyewe. Uzuri wa tar.gz ni kwamba hakuna uchawi ndani yake: kuna homedir, yenye public_html na mengineyo, na kuna folda ya mysql yenye faili moja la .sql kwa kila kanzidata. Hivyo ndivyo vitu viwili vinavyoifanya tovuti ya WordPress, programu inayoendesha tovuti ya mteja, iwe tovuti. Picha, themu (mwonekano) na plagini (programu za nyongeza) ni mafaili. Makala, bidhaa, oda, watumiaji na mipangilio vinakaa kwenye kanzidata. Ukiwa na kimoja bila kingine, una nusu mtu.

Mafaili yalikuwa rahisi. Tulikusanya public_html ndani ya zip, tukaipakia, tukaifungua kwa kidhibiti mafaili cha paneli. Usipakie mafaili elfu thelathini moja moja kwa FTP, njia ya kuhamishia mafaili kwenye seva. Utazeeka, na mtandao ukikatika katikati hutajua lipi limefika na lipi halijafika.

Kanzidata ndiyo iliyotutoa jasho. Hatua ya kwanza ni tatu kwa kweli: unaunda kanzidata tupu, unaunda mtumiaji wake, kisha unamuunganisha mtumiaji na kanzidata na kumpa haki zote. Hiyo ya tatu husahaulika kuliko zote. Halafu kuna jina. cPanel hutanguliza jina la akaunti mbele ya jina la kanzidata, kwa hiyo iliyokuwa duka_wp kwenye seva ya zamani inakuwa kitu kingine kwenye mpya yenye jina tofauti la akaunti, hata ukiandika vile vile. Ndiyo maana lazima ufungue wp-config.php, faili la mipangilio la WordPress, na kurekebisha DB_NAME, DB_USER na DB_PASSWORD. DB_HOST mara nyingi hubaki localhost, yaani seva hiyo hiyo. Usipofanya hivyo, WordPress itakuambia imeshindwa kuunganishwa na kanzidata, nawe utadhani bakapu imeharibika ilhali nzima kabisa.

Kwenye faili hilo hilo kuna mstari wa $table_prefix, yaani herufi zinazotangulia jina la kila jedwali. Usiuguse. Na kama umeandika wp-config.php mpya, hakikisha unalingana na majedwali yaliyomo kwenye faili la .sql. Ukikosea hapo, tovuti haikupi kosa lolote. Inakukaribisha kwa ukurasa wa kusakinisha WordPress mpya, kwa upole kabisa, kama vile hujawahi kuwa na tovuti. Nimeona watu wakiujaza kwa hofu. Ufunge, ukasome tena majina ya majedwali kwenye phpMyAdmin, zana ya paneli ya kusimamia kanzidata.

Tukaingiza .sql. phpMyAdmin ina kikomo cha ukubwa, kimeandikwa kwenye ukurasa wenyewe wa kuingizia, na faili letu lilikizidi. Kulibana kuwa .sql.gz kulitosha, kwani phpMyAdmin inalifungua yenyewe. Lingekuwa kubwa zaidi tungetumia tamino (Terminal) ya cPanel, dirisha la kuandikia amri, na amri ya mysql, ambayo haijali ukubwa wala haichoki njiani kama kivinjari.

Kisha likaja kosa namba 1273: mpangilio wa herufi usiojulikana, utf8mb4_0900_ai_ci. Hili nimeshakutana nalo mara nyingi kiasi kwamba nalisalimia. Programu ya kanzidata kwenye seva ya zamani ilikuwa MySQL 8, ambayo mpangilio huo ndio chaguo lake la kawaida. Ya seva mpya ilikuwa MariaDB, na matoleo mengi ya MariaDB hayaufahamu. Dawa ni kufungua nakala ya faili la .sql na kubadilisha kila utf8mb4_0900_ai_ci kuwa utf8mb4_unicode_ci, kisha kuingiza upya kwenye kanzidata iliyosafishwa. Nasema nakala, usihariri la asili. Na uhifadhi kwa UTF-8, la sivyo herufi zenye alama na emoji zote zitakuja zikiwa vichekesho.

Tovuti ikafunguka. Ukurasa wa mbele, safi. Ukibofya bidhaa yoyote: haipatikani, 404. Mteja akanyamaza kwenye simu, nami nikacheka, maana hili ni dogo. Ni .htaccess, faili la sheria za tovuti kwa seva linaloanza na nukta, hivyo linafichwa, na tulipokusanya zip tuliliacha nyuma. Ama uwashe kuonyesha mafaili yaliyofichwa kwenye mipangilio ya kidhibiti mafaili na kulileta, ama uingie kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu ya WordPress na ubofye kuhifadhi bila kubadilisha kitu, nayo italiandika upya. Lakini kama ndani ya lile la zamani mlikuwa na sheria zenu wenyewe, lileteni lenyewe.

Mambo yangekuwa magumu zaidi kama domeini ingebadilika. WordPress huhifadhi mipangilio mingi kwa mtindo unaohesabu urefu wa kila neno, kitu kama s:19 mbele ya anwani. Ukitafuta na kubadilisha anwani kwa mkono ndani ya .sql, hesabu haiwiani tena na mipangilio hiyo haisomeki. Kuna plagini za kubadilisha anwani zinazojua kuhesabu upya. Tumia hizo.

Kuna kurudisha kwa aina nyingine ambako naona watu wengi wakijidanganya, nako ni baada ya kudukuliwa. Wanarudisha bakapu ya wiki iliyopita juu ya tovuti iliyoambukizwa na kusema imepona. Haijapona. Kurudisha mafaili kunaandika juu ya yaliyopo kwa jina lile lile, hakufuti yaliyoongezwa. Faili la mdukuzi lililojificha ndani ya wp-content/uploads linabaki pale pale, na keshokutwa mnaanza upya. Kanzidata nayo ni hivyo hivyo: faili la .sql hubadilisha majedwali linayoyajua, na jedwali la ziada halina habari nalo. Kwa hiyo hamisha public_html yote pembeni, anza na folda tupu na kanzidata tupu, ndipo urudishe. Na angalia tarehe ya faili la kwanza la mdukuzi, maana kama aliingia mwezi uliopita, bakapu ya wiki iliyopita imembeba yeye pia. Ndiyo sababu siweki bakapu moja inayojiandika juu yake kila siku. Naweka za kila siku, za kila wiki, na chache za kila mwezi.

Kabla ya kurudisha chochote, chukua bakapu ya hali mbovu uliyo nayo. Najua inasikika kama upuuzi. Kwenye duka, oda zilizoingia tangu bakapu ya mwisho zimo ndani ya ile kanzidata mbovu tu, na hakuna mahali pengine utakapozipata.

Mpangilio nao una maana. Ukichukua vipande, chukua kanzidata kwanza, mafaili baadaye. Picha iliyopakiwa katikati ya hapo itakuwa faili lisilotajwa popote, halimdhuru mtu. Ukigeuza, utakuwa na makala inayotaja picha isiyokuwepo.

Halafu mahali pa kuiweka. Bakapu kamili ya cPanel kwa kawaida huangukia kwenye folda yako kuu, yaani seva ile ile, tena inakula nafasi yako ya diski. Ipakue, kisha uifute kule. Usiiweke ndani ya public_html hata kwa dakika tano. Kuna roboti zinazozunguka zikijaribu majina kama backup.zip kwenye kila domeini, na ndani yake kuna wp-config.php yenye nywila. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza kituo cha data cha SBG2 cha kampuni ya seva ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuna wateja waliogundua siku hiyo kwamba seva yao na bakapu yake vilikuwa eneo moja.

Jaribio langu ni dogo. Naunda sabdomeini, naweka nywila kwenye folda yake, narudisha bakapu humo, nabofya kurasa kumi na kuingia kama msimamizi. Kwa .sql iliyotoka mysqldump, zana ya kunakili kanzidata ya MySQL, natazama mstari wa mwisho: pasipo na maneno "Dump completed", kwa kawaida faili limekatika njiani. Kwenye GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, Januari 2017, mhandisi alifuta saraka ya kanzidata kimakosa, wakaenda kwenye bakapu zao za pg_dump, zana nyingine ya kunakili kanzidata, na kukuta hazipo. Zilikuwa zikishindwa kwa sababu ya toleo lisilolingana, na barua za kutoa taarifa zilikuwa zinakataliwa. Walipoteza data ya takriban saa sita.

Turudi kwa mteja. Siku ya tatu alinipigia tena. "Kaka, duka linaenda vizuri. Sasa barua pepe zangu?" Zilikuwa ndani ya homedir, folda ya mail, kila domeini na kila anwani na folda yake. Tukaunda anwani zile zile kwenye paneli mpya, tukanakili yaliyomo, akafungua sanduku lake na kukuta kila kitu. Jioni hiyo hiyo dawati la kampuni mpya likatujibu: bakapu yetu kamili imewekwa kwenye foleni.